Kisu cha kukunja nakinoa jioni kinanyoa malaika, asubuhi kinaponda gome: tatizo ni jiwe, chuma au mkono?

#1 Mbegu ya Parachichi

Salaam wakuu. Nina kisu cha kukunja ninachokitumia kubebesha miche ya parachichi, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mmoja juu ya mche mwingine, hapa Njombe, na kwa muda mrefu sasa kinanishinda kwa namna nisiyoielewa. Jioni nakaa na jiwe la kunolea, lile la pande mbili linalouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, nalilowesha maji, naanza na upande wa chembe kubwa, namalizia na upande laini, na ninapoacha kisu kinanyoa malaika ya mkono, yaani vinyweleo laini, bila kusukumwa. Kesho yake kitaluni vikonyo vya kwanza vinakatwa vizuri, lakini kabla jua halijapanda kisu kinaanza kuponda gome badala ya kulikata, na yeyote aliyewahi kubebesha anajua kwamba kikonyo kilichopondwa hakishiki.

Kisu chenyewe ni cha mtumba. Mpini wake ni wa mti mweusi, hakina kifungio bali kinabanwa na springi ya mgongoni tu, na maandishi yaliyokuwa kwenye ubapa yamefutika. Wenyeji wangu wamegawanyika: mmoja ananiambia jiwe ni bovu, mwingine anasema chuma ni laini, na wa tatu anadai kwamba mkono wangu ndio mbovu. Naomba wenye ujuzi wanieleze ni lipi kati ya haya, na sababu yake ni ipi.

#2 Jiwe la Pwani

Ndugu Mbegu, huenda si lolote kati ya hayo matatu. Unaponoa upande mmoja hadi jiwe lifike ukingoni kabisa, ile sehemu nyembamba ya mwisho haidondoki, bali inajikunja kuelekea upande wa pili. Kikunjo hicho ni vigumu kukiona kwa macho, lakini ukipitisha ncha ya kidole polepole kutoka mgongoni kuelekea makalini, yaani kwa kuyavuka makali wala si kwa kuyafuata, utakihisi kinakwaruza upande mmoja tu. Ukigeuza kisu na kunoa upande wa pili, kikunjo kinahamia ng'ambo, na watu wengi huishia hapo wakiamini kwamba kazi imekwisha.

Kikunjo kilichosimama wima kinakata mno na kinanyoa hata malaika, jambo ambalo ndilo linalokudanganya. Ila hicho ni chuma kilichokwisha kuchoka kwa kukunjwa huku na huku, kwa hiyo kikikutana na gome mara kadhaa kinalala au kinameguka, na makali halisi yaliyokuwa chini yake hayajawahi kunolewa vizuri. Tiba yake ni kupunguza nguvu kadiri unavyokaribia mwisho: pitisha kisu mara moja upande huu na mara moja upande ule, kwa uzito wa kisu chenyewe bila kukandamiza, ukitanguliza makali mbele kana kwamba unataka kulichanja jiwe. Halafu malizia kwenye ngozi kwa kukivuta kisu kinyumenyume.

#3 Kinyozi Mstaafu

Kutoka hapa Mombasa, naunga mkono habari ya ngozi. Sisi tuliojifunza kazi kwa wembe wa kukunja, kabla ya viwembe vya kutupa kuenea, tulikuwa tunaupiga mkandani kabla ya kila mteja, na jiwe tulilishika kwa nadra mno. Ngozi iwe ya kweli na iwe imekazwa, kwa sababu ikilegea inajipinda na kuyaviringa makali.

Hata hivyo sikubaliani na wazo kwamba kunyoa malaika ni kipimo cha kisu cha shambani. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha katika jarida la Science utafiti ulioonyesha kwamba wembe hauliki kwa usawa unaponyoa, bali ukingo wake unameguka vipande vidogo sana, hasa pale unywele unapopindika na kukutana na mahali ambapo umbile la ndani la chuma si moja, na hayo yanatokea ingawa unywele ni laini kuliko chuma kwa takriban mara 50. Ikiwa unywele peke yake unafanya hivyo, sijui kwa nini tushangae kwamba gome la mche lenye vumbi linafanya zaidi. Huenda kisu cha ndugu yetu hakina ugonjwa wowote, na anachotakiwa ni kubeba kipande cha mkanda kitaluni na kukipiga kila baada ya miche kadhaa.

#4 Fundi wa Gerezani

Wakuu, mmekimbilia makali kabla ya kuuliza chuma kimepitia nini. Kisu cha mtumba kimepita katika mikono ambayo hatuijui, na visu vingi vya namna hiyo vimewahi kupelekwa kwenye jiwe la mota bila maji. Ukingo ni mwembamba, kwa hiyo unapata moto haraka kuliko sehemu nyingine yoyote. Chuma cha kaboni kikipashwa moto hubadilika rangi: kwenye nyuzijoto 220 hadi 230 hivi kinakuwa na rangi ya majani makavu, kisha kinakuwa cha kahawia, kisha zambarau, na kinapokaribia nyuzijoto 300 kinakuwa cha buluu. Kikishafika buluu, ugumu aliokusudia mtengenezaji umepungua, na hakuna jiwe wala ngozi itakayourudisha. Unaweza kukinoa kikanyoa ndevu za simba, na bado kitalala kesho yake.

Chukua tupa mpya yenye meno madogo, uipitishe kwa wepesi kwenye makali karibu na ncha. Ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikiuma na kutoa unga kwa urahisi, umepata jibu lako.

#5 Mbegu ya Parachichi

Ahsanteni. Fundi, sioni rangi ya buluu mahali popote, ingawa ubapa una mikwaruzo mingi ya kukatisha, ambayo sikuiweka mimi. Tupa nitaitafuta.

#6 Fundi wa Gerezani

Rangi kutoonekana si ushahidi. Rangi ile ni utando mwembamba wa juu tu, na kipande cha msasa kinaiondoa mara moja, ilhali ulaini ulioingia ndani unabaki. Mikwaruzo ya kukatisha uliyoitaja ndiyo inayonitia mashaka zaidi.

#7 Hamali wa Mbuyuni

Jamani, kiwembe kinauzwa kwa bei ya pipi. Wabebeshaji wengi ninaowafahamu wanatumia kiwembe au kile kisu cha plastiki cha kukatia karatasi ambacho ncha yake inavunjwa ikichakaa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua uzi wa kuomba ushauri wa kunoa. Lakini naona hapa tumeshafika MIT, kwa hiyo nitakaa kimya nisubiri Oxford.

#8 Bustani ya Tengeru

Bwana Hamali, kiwembe kinapinda. Kwenye kikonyo laini kinafaa, ila ukichonga kabari ndefu kwenye kijiti kilichokomaa unapata uso uliojipinda, na ukiuweka kwenye ufa wa mche wa chini kunabaki nafasi ya hewa katikati. Kisu chenye ubapa mgumu kina sababu yake.

Nashangaa hakuna aliyeuliza swali ambalo kwetu sisi ndilo la kwanza: kisu kimenolewa upande mmoja au pande mbili? Kisu halisi cha kubebeshea kina mlalo, yaani mteremko wa kuelekea makalini, upande mmoja tu, na upande wa pili ni bapa kabisa. Ule upande bapa unalalia mti, kwa hiyo mkato unanyooka na unatoka kwa pigo moja, na anayetumia mkono wa kushoto anapaswa kununua kilichochongwa kinyume. Kisu cha mfukoni cha kawaida kina milalo pande mbili, kwa hiyo kinaelea juu ya mti na mtumiaji analazimika kukikandamiza. Hiyo kuponda gome anayoilalamikia ndugu Mbegu inaweza kuwa ni umbo la kisu wala si ubutu. Ningekuwa yeye ningeulaza upande mmoja juu ya jiwe hadi uwe bapa, na milalo yote ningeihamishia upande wa pili.

#9 Jiwe la Pwani

Bustani, nakuheshimu kwa mambo ya miche, lakini ushauri huo utakimaliza kisu. Kisu cha mfukoni kimetengenezwa kwa kupunguzwa unene pande zote mbili kutoka mgongoni, kwa hiyo ukitaka kuulaza upande mmoja uwe bapa itabidi ule chuma kingi mno, na utakachobaki nacho kitakuwa chembamba na cha kuyumba. Isitoshe, kama tatizo lingekuwa umbo, kisingekata vizuri vikonyo vya kwanza. Umbo halibadiliki kati ya alfajiri na saa nne.

Pembe ndiyo ya kuangalia. Kwa kazi ya mti mbichi, pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kwa kila upande inatosha. Anayeogopa kukisia afanye hesabu: pima upana wa ubapa kutoka makalini hadi mgongoni, na kama ni milimita 20, basi kuinua mgongo milimita 5 hivi juu ya jiwe kunakupa nyuzi 15, na kuuinua karibu milimita 7 kunakupa 20. Kata kabari ya mti ya unene huo, uiweke kwenye jiwe kabla ya kuanza ili jicho na mkono vizoee.

#10 Mwalimu wa Hisabati

Hesabu ya #9 ni sahihi kwa ubapa usio na unene, ambao haupo duniani. Kama mgongo una unene wa milimita 2 na ubapa unapungua sawasawa hadi makalini, kila uso wa kisu tayari umeinama karibu nyuzi 3 kutoka mstari wa katikati. Kwa hiyo anayepima kutoka uso wa jiwe hadi ukingo wa chini wa mgongo, akapata milimita 5, ananoa kwa nyuzi 18 hivi wala si 15. Kwa panga tofauti hiyo isingenisumbua, ila kwa kisu cha kuchonga vikonyo ni kubwa.

#11 Jiwe la Pwani

Mwalimu, mimi nilisema kati ya 15 na 20, na 18 imo ndani. Kabari yangu inaendelea na kazi.

#12 Mtanganyika wa Köln

Habari za huko. Nauliza kuhusu kisu chenyewe, kwa sababu mpini wa mti na maandishi yaliyofutika vinanikumbusha Okapi. Ubapa wake ni wa chuma cha kaboni, ambacho kinanoleka kwa urahisi na kinashika kutu kwa urahisi vilevile, na kama ndicho, basi jiwe lolote la dukani linakitosha.

#13 Hamali wa Mbuyuni

Okapi ni kisu cha Afrika Kusini. Kilifikaje Njombe kwenye mtumba wa Ulaya?

#14 Mtanganyika wa Köln

Kinatengenezwa Afrika Kusini tangu 1988. Asili yake ni Ujerumani, ambako kilianza kutengenezwa mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na wakati huo Njombe ilikuwa ndani ya mojawapo ya makoloni hayo. Jina walilichukua kwa mnyama ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa ndiyo kwanza wamemtangaza, mwaka 1901.

#15 Mwana wa Ituri

Mnyama huyo ni wetu sisi wa Kongo, na wazee wa msituni walimfahamu bila kusubiri tangazo la mtu. Ila tumwachie kisu jina lake, tusije tukadaiwa mrabaha na sisi hatujalipwa wetu. Ndugu Mbegu, kisu chako kina pete ndogo ya kuvuta mgongoni na kinalia kwa hatua unapokifungua? Kama hakina, si Okapi ya kawaida.

#16 Mbegu ya Parachichi

Hakina pete na hakilii. Kinafunguka kimyakimya.

#17 Mkemia wa Moro

Nimesoma uzi wote na sijaona mtu aliyeuliza juu ya usafi. Dada au kaka Mbegu, kati ya mche na mche kisu unakitakasa kwa nini? Nauliza kwa sababu katika vitalu vingi nilivyovitembelea kuna kopo la maji yenye klorini, ile ya kung'arishia nguo, na kisu kinachovywa humo kila mara ili kisihamishe ugonjwa kutoka mche mmoja hadi mwingine. Nia ni nzuri, lakini klorini ya namna hiyo inakula chuma. Chuma cha kaboni kinashika kutu waziwazi, na hata kile kinachoitwa hakishiki kutu kinaweza kupata vishimo vidogo. Ubapa mzima hautaonekana kuwa na shida, ila makali yenye unene wa sehemu ndogo sana ya milimita hayana akiba ya kupoteza. Kisu kinachochovywa, kikakaa na maji hayo, kikachovywa tena, kinapoteza makali hata kama hakijagusa mti.

Spiriti ya asilimia 70 inafanya kazi ile ile ya kuua vimelea vingi na inakauka yenyewe. Kwa wenye jiko la mkaa kando, tafadhali msiunguze makali kwa moto; Fundi ameshaeleza sababu.

#18 Mbegu ya Parachichi

Ni klorini, ndiyo. Kopo liko mezani siku zote na kisu mara nyingi kinapumzika humo ninapofunga plastiki kwenye mche.

#19 Mkemia wa Moro

"Kinapumzika humo." Sina la kuongeza.

#20 Fundi wa Gerezani

Mimi ninalo. Klorini inachafua, nakubali, lakini asubuhi moja haitoshi kukifanya kisu kigumu kiponde gome. Jibu la tupa bado halijaletwa.

#21 Mzee wa Kinoo

Waalaikumu salaam kwa wote mliotangulia. Nimenoa visu vya jikoni na vya wavuvi huku Unguja tangu ujana, na ninaona mmelisahau jiwe. Jiwe la dukani linaliwa katikati, kwa sababu kila mtu ananolea pale pale. Likishakuwa na bonde, pembe inabadilika kadiri kisu kinavyosafiri, na ncha ya kisu ndiyo inayoumia zaidi. Weka rula ya chuma juu ya jiwe uvielekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita chini ya rula, lisawazishe kwa kulisugua juu ya sakafu ya saruji iliyonyooka pamoja na mchanga na maji, au juu ya kioo kilichobandikwa msasa.

Kuhusu maji na mafuta, kazi yake ni moja tu, nayo ni kuuondoa unga wa chuma usizibe matundu ya jiwe. Jiwe lililoanza na maji liendelee na maji. Wanaotumia mafuta wasitumie ya alizeti wala ya pamba, kwa sababu yanaganda na kuwa gundi isiyotoka. Mafuta ya cherehani ndiyo mazuri. Mimi binafsi nimetumia mafuta ya nazi miaka yote na jiwe langu halijaganda.

#22 Mkemia wa Moro

Mzee wangu, shikamoo. Ya nazi hayageuki gundi upesi kwa kuwa aina ya mafuta yaliyomo hainyonyi hewa kama ya alizeti, kwa hiyo una haki. Lakini yanaganda kwa baridi chini ya nyuzijoto 24 hivi. Unguja yatabaki maji, ila Njombe ya mwezi wa saba ndugu Mbegu atakuwa ananolea juu ya siagi.

#23 Mzee wa Kinoo

Marahaba. Basi yeye abaki na maji, mimi nibaki na nazi yangu.

#24 Karakana ya Gikomba

Wasio na jiwe zuri wasikate tamaa, msasa unatosha. Ninabandika msasa wa maji juu ya kipande cha kioo au marumaru, naanza na namba 400, napanda hadi 1000, kisha 2000. Tofauti na jiwe, hapa kisu lazima kivutwe kinyumenyume, makali yakifuata nyuma, kwa sababu ukiyatanguliza yatauchana msasa. Hapo ndipo ninapotofautiana na #2 kidogo: mimi navuta kinyumenyume siku zote, hata kwenye jiwe, na visu vyangu vinadumu.

#25 Jiwe la Pwani

Kuvuta kinyumenyume kunaongeza kikunjo. Ndiyo maana nilisema utangulize makali kwenye jiwe, na uvute kinyumenyume kwenye ngozi peke yake.

#26 Karakana ya Gikomba

Kinaongezeka, kisha nakiondoa kwa kupiga ngozi. Ukimaliza na makali safi, njia uliyopitia haina umuhimu.

#27 Mwalimu wa Hisabati

Nyongeza ndogo kuhusu namba, kwa kuwa wengi hununua kwa kuangalia tarakimu tu. Msasa wenye herufi P nyuma una kipimo chake: P400 una chembe za mikromita 35 hivi, P1000 mikromita 18, na P2000 karibu mikromita 10. Mawe ya Kijapani yana mfumo mwingine, ambamo 1000 ni laini kuliko P1000. Mtu asije akashangaa kwamba msasa wake wa 1000 unaacha mikwaruzo mikubwa kuliko jiwe la rafiki yake lenye namba hiyo hiyo.

#28 Mama Shughuli

Nimefuatilia kimya tangu mwanzo. Mmesema kila kitu isipokuwa kwamba kisu hiki hakina kifungio. Ukikisukuma kwenye jiwe ukiwa umekandamiza mgongo karibu na ncha, bawaba inaweza kulegea na ubapa ukajifunga juu ya vidole, na jambo hilo limempata mtu wa nyumbani kwangu. Shika mpini na mwanzo wa ubapa kwa pamoja, vidole vyote viwe nje ya njia ya kufungia. Weka jiwe ukingoni mwa meza, juu ya kitambaa kilicholowa ili lisiteleze, mpini upate nafasi ya kushuka bila kugonga meza. Ukimaliza, osha bawaba kwa maji ya moto na sabuni, ikauke, utie tone moja la mafuta, kwa sababu unga wa jiwe ukibaki humo unasaga bawaba kila unapokifungua.

Kuna jingine. Pale mwanzo wa ubapa, ndani ya mpini, kuna kisigino kidogo kisichonolewa, ambacho ndicho kinachogota kwenye springi kisu kinapofungwa. Wanaonoa kwa pupa hukila kisigino hicho pia. Kikishapungua, ubapa unazama zaidi ndani ya mpini na makali yanagonga springi kila unapokifunga. Mtu anakinoa jioni, anakifunga, anakitia mfukoni, na asubuhi anakifungua kikiwa na sehemu butu. Ndugu Mbegu, angalia ndani ya mpini kama kuna alama ya mkwaruzo kwenye springi.

#29 Wakili Asiye na Joho

Hoja ya Mama Shughuli ni mpya na nzito. Naongeza tu, kwa walio Uingereza, kwamba sheria ya huko inaruhusu kubeba bila kutoa sababu kisu cha kukunja kisicho na kifungio ambacho ubapa wake hauzidi inchi 3. Chenye kifungio kinahitaji sababu ya kueleweka. Kwa hiyo kile kinachowalinda vidole ndicho kinachowapeleka mahakamani.

#30 Hamali wa Mbuyuni

Nyuzi 15, mikromita 35, nyuzijoto 24, inchi 3. Kiwembe bado ni bei ya pipi.

#31 Mbegu ya Parachichi

Wakuu, nimerudi na majibu kiasi. Nilipaka makali wino wa kalamu nene ya kuandikia makatoni, kama nilivyoelekezwa na mmoja wenu kwa ujumbe wa pembeni, kisha nikapitisha kisu kwenye jiwe. Katikati wino ulitoka hadi ukingoni, lakini karibu na ncha ulitoka juu tu na ukingo ukabaki mweusi, maana yake jiwe lilikuwa haligusi makali sehemu hiyo. Rula ya Mzee wa Kinoo ilionyesha bonde, si kubwa. Tupa ya Fundi iliteleza karibu na ncha, lakini karibu na mpini iliuma kidogo. Ndani ya mpini kuna mstari mfupi unaong'aa kwenye springi, ingawa siwezi kusema kama ni makali yaliyouchora au ni mchanga.

Basi nilisawazisha jiwe, nikanoa nikiinua mkono kidogo ninapofika ncha, nikapunguza nguvu mwishoni, nikapiga ngozi, nikaacha klorini na kutumia spiriti, na ninapokifunga nimeweka kipande cha ngozi laini chini ya ubapa. Kisu sasa kinafika mchana kikikata vizuri.

#32 Mwalimu wa Hisabati

Umebadilisha mambo sita kwa pamoja. Hatutajua kamwe ni lipi lililokuwa linakiua kisu.

#33 Jiwe la Pwani

Tunajua. Alipunguza nguvu mwishoni na kupiga ngozi. Kikunjo kimeondoka.

#34 Mkemia wa Moro

Aliacha klorini.

#35 Fundi wa Gerezani

Tupa imeuma karibu na mpini na kuteleza kwenye ncha, maana yake ugumu si sawa kote. Kifike mchana leo; mwisho wa msimu nipeni taarifa ya sehemu ile ya karibu na mpini.

#36 Bustani ya Tengeru

Kumbuka pia kwamba wengi wetu tunachonga kabari kwa sehemu ya karibu na mpini, kwa sababu ndipo mkono una nguvu. Kama hapo ndipo palipo laini, Fundi anaweza kuwa na haki na Mkemia pia. Tumia sehemu ya kuelekea ncha kwa juma moja uone.

#37 Mkemia wa Moro

Njia safi ni visu viwili vinavyofanana, vinolewe kwenye jiwe moja na mkono mmoja, kimoja kiende na klorini na kingine na spiriti, kwenye kitalu kimoja na asubuhi moja.

#38 Kinyozi Mstaafu

Na vyote viwili vipigwe kwenye ngozi ya ng'ombe. Siku hizi mikanda mingi ni plastiki iliyopakwa rangi ya ngozi, na hiyo haiondoi kikunjo cha mtu yeyote.

#39 Mbegu ya Parachichi

Kisu cha pili ninacho, ila ni cha chuma kisichoshika kutu na cha kwanza kimeanza kuwa na madoa meusi ya utomvu, kwa hiyo nadhani havifanani. Jumamosi ni siku ya mnada hapa. Nitatafuta pacha wa hiki cha mpini mweusi. Nikikipata, nikipeleke kwa tupa kwanza au kwa jiwe kwanza?

#40 Fundi wa Gerezani

Tupa kwanza, na uifanye ukiwa bado mbele ya muuzaji.